Msichana Aliyeitwa Mbu

1. Mtoto wa ishirini

Wazee husema: Haraka haraka haina baraka. Lakini yule ashindanaye mbio, je? Kwake yeye haraka ndiyo baraka. Akichelewa kidogo tu, kama kupepesa jicho, amekwisha shindwa.

Wilma Rudolph, msichana wa Marekani, alikuwa na haraka mbili: haraka ya miguu na haraka ya moyo. Haraka ya miguu ilimpa sifa katika nchi nyingi. Haraka ya moyo ilimtia katika machozi. Habari yake ni hii.

Wilma alizaliwa tarehe 23 Juni 1940, karibu na mji wa Clarksville, katika jimbo la Tennessee. Alizaliwa kabla ya siku zake, na uzito wake ulikuwa kilo mbili tu. Baba yake, Ed Rudolph, alikuwa mpagazi katika gari la moshi, mwenye kuchukua mizigo ya wasafiri. Mama yake, Blanche, alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu wa mjini. Baba alikuwa amezaa watoto 22 katika ndoa mbili, na Wilma alikuwa mtoto wa 20. Mali hawakuwa nayo. Lakini katika nyumba yenye watu wengi mtoto hakosi mikono ya kumbeba.

Na mikono hiyo ilihitajiwa sana. Wilma aliugua kichomi, akaugua na homa nyingine kali, kisha akapatwa na polio. Polio ni ugonjwa wa kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Huingia kwa kinywa, na kwa watu wengine hufika katika mishipa ya fahamu na kupoozesha mguu au mkono. Siku zile dawa ya kuwakinga watoto haikuwako bado. Chanjo ya kwanza ilianza kutolewa kwa watu wote mwaka 1955. Basi mguu wa kushoto wa Wilma ukalegea, ukapinda. Waganga walisema kwamba hatatembea. Mama yake alisema kwamba atatembea. Wilma akamsadiki mama yake.

Katika mji ule hospitali ya Wazungu haikupokea watu weusi. Hospitali ya watu weusi ilikuwa Nashville, mwendo wa kilometa 80. Mara moja kila juma, kwa muda wa miaka miwili, mama alimpeleka huko kwa gari la abiria. Walikaa viti vya nyuma, kwani sheria ya jimbo lile siku zile iliwakataza watu weusi kukaa mbele. Waganga wa Nashville wakamfundisha mama namna ya kuukanda mguu. Mama akawafundisha wakubwa wa Wilma. Tangu siku ile mguu ule ukakandwa mara nne kila siku. Huyu akichoka, yule anashika.

Wilma alipewa chuma cha kuvaa mguuni ili aweze kusimama. Hakukipenda hata kidogo. Wazazi walipotoka nyumbani, alikivua kwa siri, akajaribu kutembea bila kuchechemea. Hapo wamwona msichana mwenyewe: kungoja hakukujua. Lakini mguu nao ulikuwa ukipata nguvu. Jamaa yake walikuwa Wakristo wa Kibatisti, watu wasiokosa sala ya Dominika. Dominika moja aliingia kanisani bila chuma, akaenda kwa miguu yake hadi kitini pake, na watu wote wakimtazama. Alipofika miaka 12, chuma hakikuwa na kazi tena.

2. Mbu

Mtoto aliyekaa kitini miaka mingi akiwatazama wenzake wakicheza, siku anaposimama hataki kukaa tena. Wilma akaanza kucheza mpira wa kikapu, ule wa kutupwa katika wavu uliotundikwa juu. Alikuwa mrefu na mwembamba, mwenye miguu kama ya korongo. Uwanjani hakutulia mahali pamoja: mara huku, mara kule, mara mbele ya mwalimu kuomba aingizwe katika mchezo. Mwalimu wake wa michezo, Clinton Gray, akampa jina la utani: Mbu. Nani asiyemjua mbu? Ni mdogo, lakini hakuachi ulale. Jina hilo likamshika. Na Mbu huyo alijua kuuma: katika msimu mmoja wa mashindano ya shule alipata pointi 803.

Katika mashindano hayo palikuwa mwamuzi mmoja mwenye macho makali, Ed Temple. Yeye alikuwa pia mwalimu wa mbio wa wasichana katika chuo kikuu cha watu weusi cha Nashville. Wenzake walitazama mpira. Yeye akatazama miguu ya Mbu. Akamwita aje kwake wakati wa likizo afundishwe kukimbia.

Wilma alidhani mbio hazina mafundisho. Katika mashindano ya shule za karibu aliwashinda wote bila taabu. Akakwenda Tuskegee, katika jimbo la Alabama, ambako wakimbiaji hodari wa majimbo mengi walikutana. Huko akashindwa katika kila mbio aliyoingia. Akalia. Ndipo akafahamu kwamba miguu myepesi ni zawadi, lakini mbio ni kazi: kuna namna ya kuondoka, namna ya kupumua, namna ya kushika mikono, na namna ya kupiga mstari wa mwisho kwa kifua.

Bwana Temple alikuwa na sheria moja ambayo hakuna msichana aliyeisahau. Mwenye kuchelewa mazoezi dakika moja azunguke uwanja mara moja. Siku moja Wilma alipitiwa na usingizi, akachelewa dakika 30. Akazunguka uwanja mara 30. Kesho yake, dakika 30 kabla ya saa ya mazoezi, wenzake wakamkuta amekwisha fika, ameketi anawangoja.

Mwaka 1956 Michezo ya Olimpiki ilifanyika Melbourne, katika nchi ya Australia. Wilma alikuwa na miaka 16. Katika mbio za meta 200 aliondolewa mapema. Lakini katika mbio za kupokezana kijiti, wasichana wanne kwa meta 400, yeye na wenzake watatu walipata nafasi ya tatu, wakapewa medali ya shaba. Huko alimwona msichana wa Australia, Betty Cuthbert, mwenye miaka 18, akitwaa medali tatu za dhahabu. Wilma akaazimu moyoni kwamba miaka minne ijayo atarudi, na medali yake haitakuwa ya shaba.

3. Usiku wa karamu

Alirudi Clarksville na medali yake, akaionyesha shuleni ikapita mkono kwa mkono. Kila mtu akamjua. Siku hizo alikuwa na watu wawili aliowapenda sana nje ya jamaa yake.

Wa kwanza alikuwa rafiki yake msichana, mchezaji mwenzake wa mpira wa kikapu. Walipeana mpira uwanjani, wakapeana siri njiani. Wa pili alikuwa kijana wa shule yao, mchezaji hodari, ambaye Wilma alimjua tangu utoto. Walipokuwa wadogo walitaniana na kurushiana maneno. Walipokuwa wakubwa maneno yakapungua, macho yakaongezeka. Hivyo ndivyo mapenzi ya kwanza yanavyokuja: hayapigi hodi.

Ikafika karamu ya dansi ya shule. Wasichana walivaa mavazi marefu, wavulana wakafunga tai. Dansi ilipokwisha, vijana hawakurudi nyumbani. Wakapanda motokaa, wakaenda mbali kuendelea na furaha. Usiku ule motokaa moja ilipata ajali. Rafiki yake Wilma alikuwa ndani yake, akafa.

Jioni walikuwa wakicheka pamoja. Asubuhi mmoja hayuko. Kifo cha mzee huja kama jua la jioni: watu wamekwisha liona likishuka. Kifo cha kijana ni kama jua kuzama saa sita ya mchana. Watu husimama tu, wasijue washike nini. Kiti cha marehemu darasani kina nafasi. Mpira ukitupwa upande wake hakuna wa kuudaka. Na wale waliosalia hujiuliza maneno yasiyo na jibu: Kwa nini yeye? Kwa nini si mimi niliyekuwa katika motokaa ile?

Mtu mwenye miguu myepesi anapofiwa, hufanya kile anachokijua: hukimbia. Lakini uchungu si adui aliye nyuma, hata uweze kumwacha. Umo ndani ya mtu, nao huenda kwa mwendo ule ule wa miguu yake. Akikimbia, unakimbia. Akisimama, unasimama. Dawa ya uchungu si mbio. Dawa yake ni kulia pamoja na watu, kulitaja jina la marehemu bila kuogopa, na kuacha siku zipite moja moja. Kidonda huanza kupona chini, kisha juu. Ukilazimisha ngozi ifunge upesi, ndani patabaki usaha.

Na moyo wenye kidonda haupimi vizuri. Msichana mwenye huzuni hutafuta bega la kuegemea, wala hilo si kosa. Lakini aegemeapo kwa haraka hatazami ni wapi atakapoangukia. Wilma na yule kijana walipendana kwa haraka ile ile waliyozoea uwanjani. Mwanzo wa mwaka wake wa mwisho shuleni, mwishoni mwa 1957, mganga aliwapima wasichana wote wa mpira wa kikapu. Akaona kwamba Wilma ana mimba. Alikuwa na miaka 17.

4. Mlango ambao haukufungwa

Miaka mingi baadaye, mwaka 1977, Wilma aliandika kitabu cha maisha yake. Humo hakujificha. Alisema kwamba yeye na yule kijana walikuwa hawajui mambo hayo sawasawa. Hakuna aliyewafundisha, wakubwa waliona haya kusema, na wadogo waliona haya kuuliza. Basi wakajifunza kwa kujikwaa. Tazama jinsi haya ya namna hii inavyoweza kudhuru: mtoto alifundishwa namna ya kuondoka katika mbio, namna ya kupumua, na namna ya kufika mwisho, lakini habari ya mwili wake mwenyewe hakuna aliyemfundisha.

Fikiri sasa hali yake. Rafiki wa kusemezana naye alikuwa amekufa. Mpira wa kikapu, basi. Olimpiki ilikuwa mbali kama mwezi. Na habari ile ilibaki kufika nyumbani, kwa baba mkali wa nyumba ya dini. Hofu ya kukimbia Melbourne mbele ya maelfu ya watu ilikuwa kama si kitu mbele ya hofu ya kuingia katika nyumba ya baba yake.

Katika nchi nyingi, siku zile na hata baadaye, msichana wa namna hii alifukuzwa: shule ilimfukuza, na pengine nyumba nayo ilimfukuza. Watu walisema: Amekwisha haribika. Kijana aliyekuwa pamoja naye aliendelea na mpira wake.

Baba yake Wilma alikasirika. Alimkataza kabisa kuonana na yule kijana, na katazo hilo lilimwuma msichana kama kufiwa mara ya pili. Lakini hakumfukuza. Mlango wa nyumba haukufungwa. Mama alikuwa mama yule yule wa safari za Nashville: aliyembeba mtoto mwenye mguu uliopooza hakushindwa kumbeba mtoto aliyejikwaa. Wilma akamaliza masomo yake ya shule mwaka 1958, akiwa na mimba, na mwezi wa Julai akazaa mtoto wa kike.

Likabaki neno la chuo kikuu. Bwana Temple, mwenye sheria nyingi, alikuwa na sheria hii pia: hakupokea katika kundi lake msichana aliye mama. Sheria ile Wilma aliijua. Lakini Bwana Temple alimpelekea habari kwamba nafasi yake ingalipo. Akisha kujifungua na aje. Mtu yule aliyemzungusha uwanja mara 30 kwa ajili ya usingizi hakumhukumu kwa kosa lililo kubwa zaidi. Mwalimu mwema anajua wakati wa kuishika sheria, anajua na wakati wa kumshika mtoto.

Mwezi wa Septemba 1958 Wilma akaingia chuo kikuu cha Nashville. Mtoto alilelewa na jamaa yake: bibi, kisha dada. Watu wa kigeni huenda wakastaajabu. Lakini usomaye haya katika Kongo hutastaajabu, kwani wajua kwamba mtoto hana mama mmoja tu. Hata hivyo usidhani ilikuwa rahisi. Mama mwenye miaka 18 alilala katika chuo, na mwanawe akalala mbali. Mchana alisoma, asubuhi na jioni alikimbia, na feza ya chuo aliilipia kwa kazi alizopewa pale pale chuoni.

Hapo ndipo ilipoonekana tofauti. Zamani alikimbia kama mtu anayekimbia jambo. Sasa alikimbia akiwa amebeba: amebeba jina la rafiki aliyekufa, amebeba mtoto wake, amebeba mapenzi ambayo hakujua yatakwisha namna gani. Mzigo haukupungua. Mabega yaliongezeka nguvu.

5. Roma

Mwezi wa Julai 1960, katika jimbo la Texas, Wilma alikimbia meta 200 kwa sekunde 22.9. Hakuna mwanamke duniani aliyekuwa amezikimbia chini ya sekunde 23 kabla yake. Akachaguliwa kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Roma.

Ulikuwa mwaka ule ule Kongo ilipopata uhuru, tarehe 30 Juni 1960. Mwezi wa Agosti, kabla haujaisha, vijana wa nchi nyingi wakakusanyika Roma. Ndiyo michezo ile ambayo Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia mbio ndefu kupita zote kwa miguu mitupu, akashinda.

Siku moja kabla ya meta 100 Wilma alikuwa akijizoeza kwa kucheza uwanjani. Akaweka mguu katika kishimo, akajipinda kifundo. Mguu tena! Lakini maisha yake yote ilikuwa vita na mguu. Ukafungwa vizuri, akapumzika, na siku ya pili akasimama penye mstari. Akazimaliza meta 100 kwa sekunde 11.0, wa kwanza, wengine wakiwa nyuma yake mbali. Muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, kwa kuwa upepo ulivuma kutoka nyuma kupita kiasi kilichoruhusiwa. Lakini medali ya dhahabu ilikuwa yake. Katika meta 200 akashinda tena, kwa sekunde 24.0.

Zikabaki mbio za kupokezana. Wasichana wote wanne, Martha Hudson, Lucinda Williams, Barbara Jones na Wilma, walikuwa wa chuo kimoja, wanafunzi wa Bwana Temple. Wilma alikuwa wa mwisho kupokea. Kijiti kilipofika kwake hakikukaa vizuri mkononi, kidogo kianguke. Wakati huo mdogo Mjerumani akapita mbele.

Mbu wa zamani angalinyakua na kuondoka, na kijiti kingalianguka. Wilma wa Roma hakunyakua. Alikishika kwanza kijiti barabara. Ndipo akakimbia. Akamfikia Mjerumani, akampita, akapiga mstari wa kwanza. Sekunde 44.5. Medali ya tatu ya dhahabu. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amepata tatu katika mbio za Olimpiki moja kabla yake. Waitalia wakamwita Swala Mweusi.

Habari hiyo ya kijiti yafaa kukumbukwa. Watu wengi walisifu mwendo wake wa meta zile za mwisho. Lakini ushindi ulianza katika ule muda mdogo aliosubiri ili akishike vizuri.

6. Karamu nyingine

Mji wa Clarksville ukataka kumpokea kwa shangwe. Lakini desturi ya mji ule ilikuwa kutenga: Wazungu pao, weusi pao. Wilma akasema kwamba sherehe ya namna hiyo hataki. Kama wote hawatakaa pamoja, yeye haji. Wakubwa wa mji wakakubali. Tarehe 4 Oktoba 1960 watu wa rangi zote walisimama pamoja njiani kumshangilia, na jioni wakaketi karamuni pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza katika mji huo. Msichana ambaye watu walikuwa wakimnong'ona miaka miwili nyuma, ndiye aliyewaketisha mezani.

Akaacha mbio mwaka 1962, akiwa bado wa kwanza. Mwaka 1963 alikuja Afrika. Alihudhuria Michezo ya Urafiki ya Dakar, nchini Senegal, akatembelea na nchi nyingine za magharibi. Mwaka huo huo alimaliza masomo yake ya ualimu, na akaolewa na yule yule kijana wa shule. Wakapata watoto wengine watatu. Huu si mwisho wa hadithi za kubuni, ambamo wapendanao huishi kwa raha milele: ndoa yao ilivunjika baadaye. Mapenzi ya kwanza yalikuwa ya kweli, lakini ya kwanza si lazima yawe ya mwisho. Wilma alifundisha watoto shuleni, akawafundisha na mbio. Alikufa tarehe 12 Novemba 1994, akiwa na miaka 54.

Mwaweza kumkumbuka kwa medali zake, nazo zastahili. Lakini medali ni za wachache. Wengi wetu hatutakimbia Roma. Kufiwa, je? Kila mtu atafiwa. Kupenda? Karibu kila mtu atapenda. Kujikwaa? Hakuna asiyejikwaa. Katika hayo matatu Wilma hakuwa tofauti na msichana wa Bukavu au mvulana wa Kalemie.

Basi ukiwa na miguu ya haraka, mshukuru Mungu, ukimbie. Lakini moyo wako uufundishe kungoja. Ukifiwa, usijifiche, keti na watu wako, ulie. Ukianza kumpenda mtu, muulize mama, au shangazi, au mtu mzima unayemwamini, maneno unayoona haya kuyauliza. Heri haya ya siku moja kuliko machozi ya miaka. Na siku utakapomwona mwenzako amejikwaa, kumbuka baba ambaye hakufunga mlango, na mwalimu aliyeweka nafasi.

Kuteleza si kuanguka, husema wazee. Na aliyeanguka si lazima abaki chini, akipata mkono.

Maulizo

1. Mama na wakubwa wa Wilma waliusaidia mguu wake namna gani?
2. Bwana Temple alikuwa na sheria gani mbili? Ipi aliishika, na ipi aliilegeza? Kwa nini?
3. Kwa nini mtu hawezi kuukimbia uchungu wake?
4. Wilma alifanya nini kijiti kilipotaka kuanguka? Jambo hilo latufundisha nini?
5. Je, umekwisha fiwa na mtu uliyempenda? Andika mistari mitano juu yake: jina lake, kazi yake, na neno jema unalolikumbuka.